Kicheko cha kijiweni

Nilipoanza kazi ya ushauri nasaha hapa Mwanza, niliwakusanya wavulana wanane waliokamatwa na bangi au gundi, nikawaketisha duara kila Ijumaa. Niliamini watatiana moyo. Wiki ya tatu mmoja akasimulia alivyotoroka shule akaenda kuvuta na vijana wa Mwaloni, Kirumba. Nikamuuliza alijisikiaje. Hakunitazama mimi, aliwatazama wenzake, nao wakaangua kicheko. Mdogo wao, aliyewahi kuvuta mara moja tu, akakivuta kiti chake karibu na msimuliaji.

Kiti kile sijakisahau.

Baadaye nilisoma kazi za mwanasaikolojia Thomas Dishion na wenzake kule Oregon, Marekani. Waliwarekodi kwa video wavulana wa miaka 13 na 14, kila mmoja akipiga soga na rafiki yake kwa dakika 25, wakaangalia ni maneno gani yanayochekewa. Waliokuwa wakichekeana habari za kuvunja sheria ndio walioelekea zaidi kwenye ulevi na ukorofi miaka iliyofuata. Mwaka 1999 waliandika kwamba hata makundi tunayoyaunda kwa nia ya kuwasaidia vijana yanaweza kuwaharibu zaidi. Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Ijumaa zangu zilikuwa kijiwe chenye mwalimu.

Viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vilipopigwa marufuku Machi 2017 nilifurahi sana, maana vilikuwa vinafichika hata kwenye soksi. Lakini kijiwe kilibaki palepale, na kicheko chake.

Kwa hiyo naumia shule inapomsimamisha mtoto wiki mbili kwa kosa la bangi. Mama yuko sokoni, baba yuko ziwani. Mtoto huyo atashinda wapi, na ni nani atakayemchekea?

Siku hizi namwona kila kijana peke yake, kisha namwita mzazi. Simuulizi kama mwanawe anavuta. Namuuliza: "Mama, jana saa kumi na mbili jioni alikuwa wapi, na nani?" Wengi hunyamaza. Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia, maana kijana ambaye nyumbani wanajua alipo, na wanamjulia hali bila kumpekua, ana pa kurudi.

Yule mdogo nilimtoa kwenye duara. Mjomba wake anaunda mitumbwi, nikamwomba amchukue jioni amshikie mbao. Wiki ya kwanza hakutamka neno. Ya pili akauliza: "Mjomba, hii pamba inazibaje maji?" Mjomba akampa nyundo.