Papa hazai kama dagaa

Papa jike akipasuliwa dikoni, pale samaki wanaposhushwa, mara nyingine tumboni hutoka watoto. Si mayai. Ni watoto waliokamilika, macho yamefumbuka, mapezi yamesimama, kila mmoja na kitovu chake. Siku moja nilihesabu wanane waliotoka tumbo moja, wamelazwa kwenye sakafu ya saruji, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Mzee mmoja mchuuzi aliyeniona nimeduwaa akaniambia, "Usisikitike mwanangu, riziki ya Mungu hiyo. Baharini hawamaliziki."

Namheshimu mzee yule, na najua amesema wanachosema wengi. Papa kwetu hatupwi kitu: nyama hukaushwa kwa chumvi ikawa ng'onda, ini hutoa sifa, mafuta ya kupaka vyombo vya baharini, mapezi yanakwenda kwa mnunuzi. Lakini hilo la "hawamaliziki" ndilo kosa kubwa kuliko yote tunayoyaamini kuhusu papa na jamaa yake taa, yule samaki bapa, na nitakaa nalo kwanza.

Tumezoea samaki wanaomwaga mayai. Chewa mkubwa hutoa mayai mamilioni kwa msimu, na dagaa wakiachwa wapumue kidogo hujaa tena. Papa na taa hawakuumbwa hivyo. Huchelewa kukomaa, hubeba mimba muda mrefu, huzaa wachache. Wapo wanaotaga, ila mayai yao ni machache, kila moja ndani ya kifuko kigumu. Taa mkubwa aina ya manta huzaa mtoto mmoja tu baada ya mimba ya takriban mwaka mzima, kisha hupitisha miaka miwili au zaidi kabla ya kuzaa tena. Kuna papa mdogo wa maji ya baridi ambaye mimba yake hukaribia miaka miwili, sawa na tembo. Na papa wa Greenland, kwa makadirio ya wanasayansi waliopima lenzi za macho yake mwaka 2016, hufikia umri wa kuzaa akiwa na miaka kama 150. Jike aliyezaliwa Sayyid Barghash akitawala Unguja, ndiyo kwanza sasa anakuwa mama.

Samaki wa namna hiyo ukimvua kwa kasi ya dagaa, atakwisha, na ndivyo inavyokwenda. Tathmini ya dunia nzima iliyotolewa 2021 ilikuta zaidi ya theluthi moja ya aina za papa, taa na jamaa zao wako hatarini kutoweka, na sababu kuu ni kuvuliwa kupita kiasi. Mwaka huohuo utafiti mwingine ulionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970. Huo ni umri wa mtu mmoja. Wavuvi wazee wanaosema zamani jarife, wavu wa papa, lilirudi zito hawatungi hadithi.

Kosa jingine ni la wanaosema, "Papa ni mla watu." Aina za papa ni zaidi ya 500, na wanaowahi kumuuma binadamu ni wa aina chache sana. Duniani kote, matukio ya papa kumshambulia mtu ambaye hakumchokoza ni takriban 60 hadi 70 kwa mwaka, na kwa kawaida vifo havizidi 10. Mkubwa wao wote, potwe, anayeweza kufika mita 18, ana meno madogo kama punje za mchele na chakula chake ni uduvi na vidagaa. Pale Kilindoni, Mafia, watu huogelea ubavuni mwake. Ukimtazama kwa karibu utaona mgongo mzima umetapakaa madoa meupe, ndiyo maana wengine humwita papa shilingi. Madoa hayo hayafanani kwa potwe wawili, kama alama za vidole zetu. Watafiti hupiga picha ubavu wake na kuwatambua mmoja mmoja kwa programu iliyotokana na mbinu ya wanaastronomia ya kulinganisha nyota.

Kuhusu potwe wa Mafia kuna jingine ambalo hata waongoza watalii walikuwa wakilisema: kwamba msimu ukiisha huondoka kwenda nchi za mbali. Watafiti waliwafunga vifaa vya kutoa sauti na kutega vipokezi chini ya maji. Matokeo yaliyotoka 2015 yalionyesha kuwa wengi wapo palepale mwaka mzima, ila husogea mbali kidogo na ufuko na kukaa chini zaidi, macho yasipowaona. Kwangu habari hii ni nzito. Potwe wale ni wenyeji wa Mafia, na wavu unaotegwa pale unawahusu miezi yote 12.

Wengine husema, "Papa ni samaki wa kale ambaye hakumaliza kuumbika, ndiyo maana hana mfupa, ana gegedu tupu, kama la sikio." Nasaba yao kweli ni ya zamani, miaka zaidi ya milioni 400, kabla ya misitu kuota duniani. Lakini mwaka 2020 ilitangazwa kuwa huko Mongolia yamepatikana mabaki ya samaki wa miaka milioni 410, jamaa wa mababu wa papa, na fuvu lake lina mfupa ndani. Huenda basi mababu wa papa walikuwa na mfupa na wakauacha. Gegedu ni nyepesi, na samaki asiye na kibofu cha hewa cha kumsaidia kuelea anauhitaji wepesi huo.

Wanaouza unga wa gegedu hilo husema papa hapati saratani. Anapata, uvimbe wa saratani umeonekana kwa aina nyingi. Dawa ya gegedu ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu huko Marekani na Kanada, na matokeo ya 2007 yakaonyesha haikuwarefushia maisha. Mgonjwa asiuze shamba kwa ajili ya kopo lile.

Na mama mjamzito apunguze ng'onda, hata kama mchuzi wa papa wa nazi ndio unaomtoa udenda. Papa hukusanya zebaki, madini yenye sumu, mwilini kwa miaka mingi, na chumvi na jua haviitoi. Uingereza huwashauri wajawazito wasile papa kabisa.

La mwisho ni lile la kwamba papa akisimama hufa, kwa hiyo aliyenasa ameshakufa, mpandishe tu. Wapo wa hivyo: mwenye kichwa cha nyundo hukata roho upesi sana akinaswa. Lakini wapo papa wanaolala chini siku nzima wakivuta maji kwa misuli ya mdomo, na taa wengi hupumua kwa matundu mawili yaliyo nyuma ya macho, hata wakiwa wamejifukia mchangani. Hao jarife likiinuliwa mapema hukutwa hai. Tazama matundu yale: yakifunguka na kufumba, na tumbo limejaa, kata uzi umteremshe taratibu majini, ukijihadhari na mwiba wa mkia.