Hovakrafti ya plaiwudi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila mwaka nikiwaambia wanafunzi wangu hapa Arusha kwamba tutatengeneza hovakrafti (chombo kinachoteleza juu ya tabaka la hewa) ya kubeba mtu, swali la kwanza ni lilelile: "Mwalimu, injini tutaitoa wapi?" Ndani ya swali hilo kuna dhana potofu iliyo kubwa kuliko zote, kwamba kumwinua mtu kwa hewa kunataka nguvu nyingi.

Tupige hesabu. Duara la plaiwudi lenye kipenyo cha mita 1.2 lina eneo la takribani mita ya mraba 1.13. Mwanafunzi pamoja na ubao wakiwa na kilo 75, uzito wao ni kama nyutoni 735. Gawanya kwa eneo, unapata mgandamizo wa paskali 650 hivi. Tairi la gari dogo hujazwa paskali 200,000 hivi, yaani zaidi ya mara 300! Kinachombeba mtu ni upana wa ubao. Mwingereza Christopher Cockerell, mvumbuzi wa hovakrafti, alianza uchunguzi wake miaka ya 1950 kwa makopo mawili, moja ndani ya jingine, kipulizia hewa na mizani ya jikoni. Hewa ilipopitishwa kwenye uwazi mwembamba kati ya makopo, iliisukuma mizani kwa nguvu kuliko ilipotoka kwenye kopo moja peke yake. Tarehe 25 Julai 1959 chombo cha SR.N1, kilichotokana na wazo hilo, kilivuka bahari kutoka Calais hadi Dover.

Wakishaelewa hapo, wengine huruka upande wa pili: basi hata feni ya mezani inatosha. Haitoshi. Feni hupitisha hewa nyingi, lakini ukiizibia mbele inashindwa kusukuma. Tafuta blowa: ile ya kupulizia majani makavu ndiyo bora, na ile ndogo ya kutolea vumbi kwenye kompyuta inaweza kufaa kwa ubao mdogo na mtoto mwepesi.

Dhana ninayopambana nayo zaidi ni kuwa nailoni inayofunika ubao kwa chini ikitobolewa imeharibika. Nimewahi kuona kundi zima likiziba kwa gundi matundu ambayo kundi jingine lilikuwa limeyakata kwa makusudi. Tumia nailoni nzito, ile inayotandikwa chini ya jamvi kabla ya kumwaga zege. Itandaze chini ya ubao, ikunje juu ya ukingo, ibane kwa stepla ya mafundi sofa, kisha zungushia tepu pande zote ili hewa isivuje pembeni. Usiivute ikakaza kama ngozi ya ngoma; iachie ulegevu wa sentimita chache. Katikati, kwa chini, weka kifuniko kidogo cha ndoo na ukifunge kwa bolti na nati hadi kwenye ubao. Kukizunguka, kata kwenye nailoni matundu sita hivi yenye upana wa sentimita 5. Blowa inaingiza hewa kupitia tundu lililokatwa kwenye ubao, kati ya katikati na ukingo. Bila yale matundu ya chini, nailoni inavimba kama puto, ubao unayumba juu yake na plastiki inasugua sakafu. Yakiwepo, hewa inatokea humo kuzunguka kifuniko, inajaa kwenye nafasi iliyozungukwa na uvimbe wa nailoni, kisha inapenya ukingoni ikiwa tabaka jembamba sana. Juu ya tabaka hilo ndipo ubao unapoteleza.

Kwa sababu tabaka hilo ni la milimita chache tu, usitegemee kupaa, na blowa kubwa zaidi haitakupandisha juu sana. Hewa ya ziada inatorokea pembeni. Kwa sababu hiyohiyo, uwanja wa mpira na njia ya changarawe havifai. Sakafu laini ya saruji iliyopigwa niru, au ya vigae, ndiyo mahali pake.

Wapo wanaosema Arusha iko juu mno, hewa ni nyepesi. Hili lina ukweli kidogo: kwenye mita 1,400 hivi hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko pwani, na mgandamizo wa blowa unapungua kwa kiasi kama hicho. Lakini blowa nzuri ya majani ina akiba ya kutosha kufidia upungufu huo.

Mwisho, wengi hudhani chombo kitasimama chenyewe kikiacha kusukumwa. Msuguano umebaki kidogo mno, na breki hakuna. Baraza nyingi za madarasa zimemwagwa kwa mwinamo ili maji ya mvua yatoke. Macho hayauoni, ubao unaufuata. Tulishawahi kumwona mtoto akiondoka polepole kuelekea ngazi bila mtu kumgusa. Tangu siku hiyo tunafanyia ndani ya ukumbi, wawili wanakaa mbele kumpokea, waya wa umeme unashikwa nyuma usikanyagwe, na swichi iko mikononi mwa aliyepanda. Akizima, ubao unatua palepale.