IFERROR haitibu kosa, inalifunika

Wengi huamini kwamba ukiizungushia fomula ya Excel IFERROR (inayoweka thamani uliyochagua mahali pa kosa) na kuweka 0, kosa limekwisha. Halijaisha, limefichwa tu, na jumla yako sasa inadanganya.

Chukua duka la viungo pale Marikiti, Mombasa, lenye hesabu hii ya mauzo kwenye safu D ya Excel (A ni bidhaa, C ni kilo, Bei ni karatasi ya orodha ya bei):

=IFERROR(VLOOKUP(A2,Bei!A:B,2,FALSE)*C2,0)

Karani ameandika "Iliki " na nafasi moja mwishoni. Orodha ya bei ina "Iliki" bila nafasi. VLOOKUP, inayotafuta bidhaa kwenye orodha ya bei, haioni mechi, inatoa #N/A (haikupatikana), IFERROR inaigeuza 0. Tuseme ni kilo 12 kwa shilingi 3,000: shilingi 36,000 zimetoweka kwenye jumla, wala hakuna alama yoyote nyekundu ya kukushtua. Wastani nao unashuka, kwa sababu AVERAGE huihesabu 0 kama namba halali.

Ubaya mwingine ni kwamba IFERROR humeza kila kosa, hata #NAME? la jina la fomula lililokosewa na #REF! la safu iliyofutwa. Hayo yanapaswa kuonekana. Afadhali IFNA, iliyopo tangu Excel 2013, ambayo hushika #N/A peke yake:

=IFNA(VLOOKUP(TRIM(A2),Bei!A:B,2,FALSE)*C2,"Haina bei")

TRIM inaondoa nafasi ya ziada. SUM huyaruka maneno, kwa hiyo chini ya jumla weka =COUNTIF(D2:D200,"Haina bei"), inayohesabu mistari isiyo na bei; ikisoma zaidi ya 0, usipeleke hesabu kwa tajiri bado.

Kama shida ni sura ya karatasi tu, mipangilio ya ukurasa ina chaguo la kuchapisha makosa kama nafasi tupu. Faili lenyewe halibadiliki.