Je, wajua? Kwa nini shairi hukataa kusahaulika

Mtajie Mtanzania aliyepita shule ya msingi zamani maneno matatu tu ya mwanzo wa shairi la shuleni, "Karudi baba mmoja", kisha nyamaza. Atakumalizia. Huyo huyo muulize namna ya kutafuta eneo la duara, atakuna kichwa. Na vyote viwili alifundishwa darasani, pengine kwa fimbo ile ile.

Siri imo katika ufundi wa utungo wenyewe. Tazama ubeti huu wa Mwana Kupona binti Msham wa Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya, aliyetunga utendi mwaka 1858 kumuusia binti yake, Mwana Hashima:

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

("Lema" ni "jema" kwa watu wa huko.) Hesabu kwa vidole: kila mstari una mizani, yaani silabi, nane, si saba wala tisa. Mitatu ya kwanza inafunga kwa -ka, wa nne unaitupa -ka na kuishia na -a. Hiyo -a ndiyo inayorudi mwishoni mwa kila ubeti mpaka utendi uishe, beti mia moja na ushei. Kwa hiyo anayeghani akipotewa na neno, hayumo gizani kabisa. Anajua lina mizani ngapi na linaishia na sauti gani. Akichomeka lisilo lake, masikio ya wasikilizaji yanamsuta papo hapo. Nathari, maandishi ya kawaida yasiyo shairi, haina mlinzi wa namna hiyo.

Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alifariki mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalikuja kukusanywa zaidi ya miaka 40 baadaye, Mwalimu Sikujua wa Mombasa na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor walipoyaandika. Katikati hapo yaliishi vinywani mwa watu: mafumbo, mapenzi, vijembe vya siasa za Mombasa na Unguja.

Lakini vina peke yake havitoshi. Hata matangazo ya sabuni yana vina, na hakuna anayeyaghani akifiwa. Rudi kwenye ubeti wa Mwana Kupona. Huyu ni mama mjane. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amefariki miaka miwili hivi nyuma. Anakiri kwamba mwaka mzima yu taabani na hajapata kumwambia mwanawe neno jema. Jambo zito kama hilo, uso kwa uso, lingekatizwa na kilio. Katika utendi mizani inamshika mkono, anasema hadi mwisho. Mengi ya mawaidha yake kuhusu kumtumikia mume yatawakunjisha uso mabinti wa leo, nami siwalaumu. Ubeti wa maradhi, hata hivyo, haujachakaa. Aliyewahi kukaa kando ya kitanda cha mamaye mgonjwa anaupokea kama wake.

Ndiyo maana pia mtu akinyimwa vingine vyote, shairi hubaki. Abdilatif Abdalla, Mmombasa mwingine, alifungwa mwaka 1969 kwa kijikaratasi kilichoikosoa serikali ya Kenya, "Kenya: Twendapi?", akatoka mwaka 1972. Huko gerezani alitunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Karatasi hiyo ikilowa kidogo imekwisha, askari akiikuta imekwenda. Ukitaka kuificha hotuba ya kurasa kumi humo, utakesha. Ubeti wa mistari minne unaukunja mara mbili, na hata ukinyang'anywa, vina vyake unavyo kichwani. Mashairi hayo yalitoka kitabuni mwaka 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*, mengi yake yakiwa na mizani na vina vilivyotimia kama vile Muyaka mwenyewe alikuwa ameketi pembeni akivihesabu.