Je, wajua kwa nini Quebec, jimbo la Kanada, husema Kifaransa hadi leo?

Sisi wa Malindi tukitaka kuvuka mpaka kwa gari, mpaka wa karibu ni Lungalunga. Unapita Mombasa, unavuka Likoni kwa feri, unanyoosha kusini, pasipoti inagongwa muhuri, na upande wa pili unapokewa kwa shikamoo ile ile. Tanga utanunua machungwa bila mkalimani. Kinachobadilika ni noti na lafudhi.

Juzi nilipanda tuktuk moja na mgeni, mzee wa Kimarekani kutoka Boston, tukielekea Nguzo ya Vasco da Gama. Akatuhadithia kwamba yeye na mkewe huendesha gari kama saa saba kwenda kaskazini, mpaka mji wa Quebec nchini Kanada. Wakishavuka tu, maili zinageuka kilomita na vibao vyote vinasema Kifaransa. Akatuonyesha picha kwenye simu: kibao chekundu cha pembe nane, kile cha kusimamisha magari, kimeandikwa ARRÊT. Dereva wetu, kijana mwenye Kiitaliano cha kutosha kuuza safari ya Marafa, akapunguza mwendo. "Mzee, Ufaransa si iko Ulaya? Hawa wa Kanada wamekitoa wapi?"

Jibu la haraka ni kwamba Wafaransa walitangulia. Lakini kutangulia peke yake si hoja. Hapa kwetu Wareno waliwatangulia Waingereza, nguzo yao hiyo imesimama juu ya mwamba, wametuachia maneno kama meza, leso na gereza, na hakuna anayeagiza chai kwa Kireno.

Tofauti ni akina mama. Mfaransa Samuel de Champlain alianzisha mji wa Quebec mwaka 1608, pale Mto Saint Lawrence unapobana. Jina lenyewe ni neno la wenyeji wa asili lenye maana hiyo hiyo. Kwa miaka mingi palikuwa kituo cha wanaume wanunuzi wa ngozi za wanyama. Ndipo Mfalme Louis wa 14, kati ya 1663 na 1673, akagharamia safari ya wasichana wapatao 800 waende kuolewa huko. Wakazaa, tena wakazaa sana. Mashamba yakagawanywa vipande virefu vyembamba, kila kimoja kikigusa mto, kwa hiyo nyumba zilipangana ukingoni jirani kwa jirani, na kila kijiji na kanisa lake. Mtoto wa pale angesikia lugha gani nyingine?

Septemba 13, 1759, majeshi ya Uingereza yalipanda genge usiku na asubuhi yakapigana na Wafaransa nje ya kuta za mji. Vita havikufika saa moja. Majemadari wote wawili, Wolfe wa Uingereza na Montcalm wa Ufaransa, walipigwa risasi. Mmoja akafia uwanjani, mwenzake kesho yake. Mwaka 1763 Ufaransa ikatia saini mkataba wa kuiachia Uingereza nchi hiyo. Wakubwa wengi wakapanda meli kurudi kwao, lakini wakulima na mapadri wakabaki, zaidi ya watu 60,000. Hawakuwa na kwingine kwa kurudi; kwao ndiko kule.

Hapa ndipo pananifurahisha mimi. London ingeweza kuwabana mpaka wageuke Waingereza. Lakini makoloni ya kusini, hayo yaliyokuja kuwa Marekani, yalikuwa yameanza kuchemka, na serikali haikutaka moto pande mbili. Mwaka 1774 ikapitisha sheria iliyowaachia watu wa Quebec dini yao ya Kikatoliki na sheria za kiraia za Kifaransa. Wamarekani wakakasirika, na usiku wa kuamkia Desemba 31, 1775, katikati ya dhoruba ya theluji, wakauvamia mji. Walishindwa, na jemadari wao Montgomery akauawa. Kwa hiyo mzee wetu wa Boston anakwenda kutalii mahali ambapo wazee wake walijaribu kuingia kwa bunduki. Nilipomwambia hivyo alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Louisiana, iliyowahi kuwa ya Ufaransa pia, haikupata bahati hiyo. Marekani iliinunua mwaka 1803, na katiba ya jimbo ya 1921 ikaagiza shule zifundishe kwa Kiingereza. Wazungumzaji wakapungua kizazi hadi kizazi.

Hata Quebec ilifika mahali ikatishika. Kufikia katikati ya karne ya 20, mjini Montreal pesa kubwa zilikuwa zikisema Kiingereza, na msema Kifaransa aliyetaka cheo ilibidi ajifunze lugha ya bosi. Mwaka 1977 jimbo likapitisha sheria ya kukifanya Kifaransa kuwa lugha ya serikali, kazi, biashara na vibao vya madukani, na watoto wa wahamiaji wakapelekwa shule za Kifaransa. Leo jimbo lina watu zaidi ya milioni 8, na kwa takriban robo tatu yao Kifaransa ndiyo lugha ya mama. Kile kibao cha picha nacho kina kioja chake: Ufaransa kwenyewe kimeandikwa STOP. Paris haina wasiwasi na neno moja la Kiingereza. Quebec, iliyozungukwa na bahari ya Kiingereza, inao.

Tulipofika kwenye nguzo mzee akatuonyesha picha ya mwisho, nambari ya gari lililomtangulia barabarani. Chini ya tarakimu pameandikwa Je me souviens, maneno yaliyochongwa kwenye jengo la bunge la huko tangu karne ya 19 na kuwekwa kwenye magari mwaka 1978. Maana yake ni "nakumbuka." Dereva akauliza, anakumbuka nini? Kibao hakisemi, na watu wa Quebec wenyewe bado wanabishana.