Mguu wa jongoo na swali la nasaba

Nikikamata tandu au jongoo msituni Mabira, Uganda, kwa kazi ya DNA nakata miguu michache tu na kuitumbukiza kwenye alkoholi isiyopungua asilimia 95. Utumbo siugusi. Tandu ni mwindaji. Ukichukua nyama ya karibu na utumbo wake unaweza kujikuta unasoma jeni za mende aliyemla jana. Jongoo naye ana tezi ubavuni zenye umajimaji unaotia vidole rangi ya kahawia, na sitaki uingie kwenye mrija wangu. Isitoshe, mwili unabaki karibu mzima kwa ajili ya hadubini, jambo ambalo wenzangu wasiotoka nje ya maabara hulisahau.

Tunaanza na jeni ya COI ya mitokondria (vinu vya nishati vya seli), herufi 650 hivi za DNA. Hubadilika upesi, kwa hiyo hutenganisha vizuri spishi za karibu. Kwa jongoo ni mkombozi: spishi nyingi hutambulika kwa dume pekee, kwa viungo vya kupandia jike vilivyotokana na miguu ya pingili ya saba. Jike au mtoto akiletwa peke yake kutoka msitu wa Budongo, mtaalamu anakuna kichwa. Herufi zake zikilingana na za dume anayejulikana, basi amepata jina.

Lakini usiiulize COI habari za tandu na jongoo kuachana. Ni zaidi ya miaka milioni 400, na herufi ileile imeshabadilika mara nyingi mpaka alama za mwanzo zimefutika. Hapo tunashika 18S na 28S, jeni za ribosomu (mitambo ya seli ya kutengeneza protini) zinazobadilika polepole, au tunakusanya jeni nyingi kwa mpigo. Vitabu vya zamani viliwaweka jongoo na tandu jirani na wadudu, kwa kuwa wote hupumua kwa vijirija na wana jozi moja ya vipapasio. Mwaka 2010 mtafiti Jerome Regier na wenzake walilinganisha jeni 62 za spishi 75 za arithropodi (wanyama wenye miguu ya viungo), na wadudu wakaangukia upande wa kaa na kamba wa majini. Kwa hiyo nsenene wanaokaangwa Kampala mwezi wa Novemba wana undugu wa karibu zaidi na kamba kuliko na jongoo.

Kinachonisumbua ni wale ndugu wadogo weupe wa tandu na jongoo waishio udongoni, simfila na pauropoda. Maumbile yanamweka pauropoda ubavuni mwa jongoo; baadhi ya chambuzi za jeni zinamvuta kwa simfila. Shida ni kwamba jeni zao zimebadilika kwa kasi, na koo mbili zenye kasi huweza kufanana herufi kwa bahati tu, programu ikadhani ni undugu. Nikiona tawi la namna hiyo kwenye mti wa nasaba limeandikwa asilimia 100 za kuungwa mkono na data, sipigi makofi: namba hiyo inaonyesha data ina msimamo, na data iliyopotoka upande mmoja nayo ina msimamo mkali. Ningetaka kwanza pauropoda zaidi waongezwe, wa misitu yetu wakiwemo, ili tawi hilo refu ligawanyike, kisha hesabu irudiwe bila zile jeni zenye kasi kupita kiasi.