Sponji ya godoro si ya siti ya pikipiki

Juzi nimeletewa tena. Kijana wa boda, Boxer yake safi, kipande cha godoro kimefungwa kwa mpira nyuma ya siti. "Fundi, niwekee hii. Nataka iwe laini, nifike Kampala bila kuumwa." Hapa Tororo mtu akisema Kampala anazungumzia zaidi ya kilomita 200: Bugiri, Iganga, daraja la Jinja, msitu wa Mabira, halafu foleni ya Mukono wakati mgongo umeshachoka. Nilikataa, akanuna, akaenda kwa mwingine. Wenzake waliomtangulia walifanya hivyohivyo, na miezi miwili baadaye walikuwa mlangoni kwangu na siti iliyobonyea. Nimechoka kulieleza hili mteja mmojammoja.

Siti laini ndiyo inayoumiza kwenye safari ndefu. Kaa kwenye benchi la mbao, weka viganja chini ya makalio. Umeisikia ile mifupa miwili inayokuchoma? Hiyo ndiyo inayobeba mwili wako. Kwenye sponji laini inazama mpaka inagota plastiki ya chini, na nyama iliyoizunguka inabanwa kila upande. Dakika kumi za kwanza ni raha tupu, na ndizo zinazowadanganya watu, kwa sababu siti hujaribiwa mbele ya duka, haijaribiwi Iganga. Kufika Iganga sponji imelala, damu haipiti vizuri, ganzi imeanza. Sponji nzuri huiacha mifupa izame kidogo, kisha huizuia kabla haijafika chini. Ukiikalia mara ya kwanza utaiona ngumu. Vumilia.

Sasa nije kwenye neno linalonikera: densiti. Wauza magodoro wamewafundisha watu kwamba "hai densiti", yaani densiti kubwa, maana yake ni gumu, na wateja wanakuja nalo dukani kana kwamba limemaliza mjadala. Densiti ni uzito. Sponji ya densiti 30 maana yake mita moja ya ujazo wake ina kilo 30, basi. Kata kipande cha sentimita 10 kila upande, kiweke kwenye mzani wa dhahabu: kitakuwa na gramu 30. Ugumu ni jambo lingine kabisa, unategemea ile sponji ilivyopikwa kiwandani. Ipo sponji nzito iliyo laini kama ugali wa moto, na ipo nyepesi iliyo ngumu leo lakini mwezi ujao imekuwa chapati. Densiti inakuambia siti itadumu kiasi gani. Ugumu unakuambia itakubeba vipi. Unahitaji vyote viwili, na unaviuliza kwa maswali mawili tofauti. Nikikata sponji iliyokuja na siti kutoka kiwandani, ile iliyomiminwa kwenye kalibu, kipande hichohicho huwa kizito karibu mara mbili ya cha godoro la kawaida. Halafu mtu anataka niing'oe niitupe! Mimi siitupi. Naichonga juu, naongeza tabaka la sponji ya mabaki yaliyosagwa na kugandishwa, ile yenye rangi mchanganyiko, kisha juu kabisa naweka laini kidogo, unene wa kidole kimoja tu.

Gundi nayo. Fundi akiipaka uso mzima, ikikauka inakuwa ngozi ngumu katikati ya tabaka mbili, na mteja anailaumu sponji. Paka pembeni.

Mteremko ndio usioonekana kabisa. Simamisha pikipiki kwa magurudumu yote mawili, si kwa stendi ya kati, umkalishe mwenyewe. Akishuka, weka limau pale alipokaa. Likiviringika kuelekea tangi, hata yeye anateleza hivyohivyo njia nzima, anajisukuma nyuma kwa mikono, mabega yanauma, na mbele kule panabanwa pasipotakiwa kubanwa. Kwa watu wa boda ni mbaya zaidi, kwa sababu wamezoea kukaa mbele ili abiria wapate nafasi, na mbele ndipo sponji ilipo nyembamba na siti ilipo nyembamba. Mara nyingi nimeinua mbele sentimita mbili, nikapanua kidogo palipobanwa, bila kugusa kitu kingine, na maumivu yakaisha. Kuna aliyelalamikia siti mwaka mzima kumbe shokapu za nyuma ndizo zilizokufa. Hizo angalia kwanza.

Mvua: weka nailoni kati ya sponji na kava, na mshono usipite chini ya ile mifupa. Unene: ukiongeza sana, mfupi hafiki chini.

Hapa niseme ukweli ambao mafundi hatupendi kuusema. Kipimo changu cha ugumu ni kubonyeza kwa dole gumba, nalo hunidanganya. Nimewatengenezea watu wawili wenye kilo zinazolingana siti mbili zinazofanana, mmoja akanishukuru, mwingine akarudi anachechemea. Jeli, ile pedi inayotepeta ya kuweka ndani ya siti, nimeiweka mara kadhaa na bado moyo wangu haujatulia nayo, maana ikiachwa juani inakuwa ya moto sana. Ndiyo maana siku hizi siku ya kwanza sipigi pini zote. Nafunga kava kwa pini chache, mteja anakwenda safari yake, anarudi ananionyesha kwa kidole panapouma, nachonga, ndipo nafunga moja kwa moja. Hata hivyo, kila baada ya saa moja teremka utembee, na kwenye matuta simama kwenye vikanyagio. Siti haiwezi kukufanyia hilo.

Ukija kwangu usilete siti peke yake mkononi. Njoo na pikipiki yenyewe, umevaa suruali unayosafiria, na kama huwa unabeba mzigo au abiria, njoo naye.